Mkate wenyewe sili

Leo Alhamisi, na neno la Jumapili bado limenikwama kooni kama mwiba wa changu.

Wiki yenyewe haikuwa ndogo. Mama kafanyiwa jicho la pili pale hospitali ya Bombo na sasa anaona hadi vumbi la juu ya kabati langu, Rahma kapata daraja la kwanza, tanuri la nyuma limeachia matofali. Hayo nitayaandika nikipata nafasi. Mimi bado niko Jumapili, saa mbili usiku, mkekani.

Nilikuwa nimetandaza makaratasi ya wakili. Hisa za bekari ni 100: zangu 60, za Kaka Hamadi 40. Nilikuwa nimezipigia zangu hesabu ya mirathi kama sheikh alivyonielekeza, na ajabu yake zimegawika bila mkia. Mume robo, kwa kuwa nina watoto: 15. Mama sudusi, yaani moja ya sita: 10. Zinabaki 35, Salim 14 na wasichana watatu saba saba. Nilifurahi kama mtoto aliyepata hesabu ubaoni.

"Baba Salim," nikamwambia, "wewe una kumi na tano."

Alikuwa anamenya chungwa. Hakuinua hata uso.

"Mimi usinihesabu."

"Sikuhesabu mimi. Fungu lako hilo, liko kwenye Kitabu."

"Mama Salim, mimi mkate wenyewe sili."

Halafu akanipa pande la chungwa. Nami nikalipokea nikalila! Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumatatu nililisikia neno lile kama dharau. Miaka kumi na tisa ya kuamka saa tisa usiku, mikono imekuwa kama ya fundi mwashi, na mtu hataki hata kuhesabiwa. Jumanne nikamtetea: sukari ilimpata 2019, daktari kamwambia apunguze, mihogo anakula. Jumatano nikakumbuka kwamba hata kabla ya sukari alikuwa akinyofoa ile nyama laini ya katikati, ganda lote analiacha sahanini. Miaka yote ile nilikuwa nikiyala mimi yale maganda. Kumbe!

Msidhani ni kinyongo cha mke tu. Hizo 15 si mchezo. Katiba yetu ya kampuni, tuliyoitia saini 2006 bila kuisoma, ina kifungu kwamba mwanahisa akitaka kuuza lazima awauzie kwanza wenzake. Sasa nife leo. Salim yuko Muscat na nyaya zake za umeme, unga unampigisha chafya. Baba Salim hataki. Atamuuzia nani? Kaka Hamadi: 40 na 15 ni 55, kiti ni chake. Na hata Baba Salim asipouza, Mama naye ana kumi, na siku Mama akiondoka mwanawe aliyebaki ni Hamadi peke yake. 40 na 10. Hamsini kwa hamsini, yeye upande mmoja, na watu watano upande wa pili ambao hawajawahi kukubaliana hata rangi ya pazia.

Kaka ni mtu mwema, mnamjua. Lakini ni yeye aliyetaka tubadilishe hamira kwa sababu ile nyingine ilikuwa na picha nzuri kwenye pakiti.

Na wala hisa haziamki tu zikaenda kwa mwenyewe. Wakili kanieleza: mahakama inamteua kwanza msimamizi wa mirathi, huyo ndiye kampuni inayemtambua, kisha ndipo wagawiwe warithi, majina yabadilishwe kwenye daftari la wanahisa na BRELA, wasajili wa kampuni, wajulishwe. Wakati huo wote mikate inaungua.

Kumwongezea mrithi kwa wosia siwezi, warithi wenzake wasiporidhia. Kwa asiye mrithi naweza kuusia hadi theluthi. Yaani hisa 20. Tangu wakili aseme hivyo, jina moja halinitoki kichwani, na mnalijua: Zuhura. Alikuja kufagia, leo akitia kidole kwenye donge anajua kama usiku ule kuna unyevu. Ila ukishazitoa zile 20, hesabu yangu nzuri inaanza kuota mikia. Nikamwambia Mama kwamba fungu lake litakuwa hisa sita na theluthi mbili.

"Hiyo theluthi mbili inaliwa na nini?" akauliza.

Tukacheka hadi kitambaa cha jicho kikamlegea, ikabidi nimfunge upya. Na katika kucheka nikaona: mimi hapa ninamgawia Mama mzazi urithi wangu, kana kwamba nimeshakubaliana na Mungu nani atatangulia. Mama hakulisema. Aliniambia tu nimwekee mto vizuri.

Alfajiri ya leo nikashindwa. Tulikuwa njiani kwenda bekari, Baba Salim mbele na tochi kama kawaida yake, maana mbwa wa barabara ya kumi na mbili hawana adabu.

"Ile kauli yako ya Jumapili," nikamwambia.

"Kauli gani?"

Wallahi kasahau! Siku nne nimembeba mtu kichwani, mwenyewe kashashuka zamani. Ikabidi nimkumbushe, na chungwa lake.

"Aa," akasema. "Sasa mimi kwenye mkutano na shemeji nitasema nini? Nitakaa namtazama." Akamulika shimo la mtaro ili nisiingie. "Unamaliza unga na Zuhura kila usiku, unakuja kuniuliza mimi."

Akakaa juu ya kreti lake nje na kiredio, akangoja hadi guta la kwanza likapakiwa. Sikumjibu. Zuhura nilimkuta anapasua mfuko wa unga kwa meno, nimeshamkataza mara mia.

Kaskazi imevuma tangu saa ya magharibi na mwembe wa jirani umezidi kuulalia ukuta wetu, upande wa chumba anacholala Mama. Jirani anasema mti wa babu yake haukatwi. Naenda kumhamisha kitanda.