Nilivyowajua majirani zangu wa Makabe, nilianza kwa kuomba maji

Tulihamia Mbezi Makabe, pembezoni mwa Dar es Salaam, mwishoni mwa 2019. Naandika hii kwa ajili ya wale waliojenga huku pembezoni mwa mji, wanaishi ndani ya ukuta, wanatoka alfajiri wanarudi usiku na hawamjui mtu, maana mimi nilikaa hivyohivyo karibu miaka mitatu. Majirani nilikuwa nawajua kwa mageti na magari, geti jeusi, geti la bati, mzee wa Noah, mama wa kisima. Majina sikuwa nayo.

Mi ni mtoto wa Magomeni Mapipa. Tumekulia nyumba ya vyumba sita, vitatu huku vitatu huku, korido katikati, uani choo kimoja bafu moja, na kila mtu na jiko lake la mkaa mlangoni kwake. Pale hauhangaiki kutafuta jirani, utamkuta tu foleni ya choo asubuhi. Luku ilikuwa moja nyumba nzima kwahiyo umeme ukikaribia kuisha lazima mchangishane, na hapo ndo unajua nani kanunua friji, nani anapiga pasi usiku wa manane, nani mwezi huu hela haijaingia na anaona aibu kusema. Mama akikosa chumvi ananituma chumba cha tatu, wao wakikosa moto wanakuja kuchota makaa mawili kwetu. Sisemi ilikuwa pepo. Umbea ulikuwepo, ugomvi wa luku umeshafika mpaka kwa mjumbe wa nyumba kumi (ule utaratibu wa tangu enzi za TANU miaka ya 1960, na kwetu mjumbe alikuwa bado anaheshimika sana), na ukipika nyama siku ya katikati ya wiki nyumba nzima inajua. Nilivyokuwa msichana nikajiapiza nikijaliwa nitaishi kwenye ukuta wangu.

Mungu akajalia. Kiwanja tuliandikishana serikali ya mtaa, majirani wa pande zote wakaitwa kuonyesha mipaka na wakasaini, na ile karatasi ipo kabatini mpaka leo. Yaani watu waliothibitisha kwamba eneo hili ni langu ndo haohao nilikuwa napishana nao njiani kimya, kila mtu anaangalia simu yake.

Muda ndo ulikuwa tatizo, sio roho mbaya. Nauza vitenge Kariakoo, natoka saa kumi na moja alfajiri, boda mpaka Mbezi mwisho, gari mpaka Kimara, mwendokasi mpaka Gerezani, na kurudi ni hivyohivyo nafika nyumbani saa tatu usiku. Mume wangu anaendesha lori, wiki mbili yuko njia ya Tunduma, ya tatu yuko Dar amelala. Waliokuwa wanawajua majirani ni dada wa kazi, watoto, na Mangi wa dukani. Na ile 2020 shule zilivyofungwa Machi kwa ajili ya corona watoto wangu walizunguka kila nyumba, mpaka zinafunguliwa mwishoni mwa Juni wao wameshakuwa wenyeji wa mtaa na mimi mama yao bado mgeni.

Kilichonishtua ni usiku mmoja mwanzoni mwa 2022. Mdogo alipandisha homa, anatetemeka, mume yuko safari, boda wangu simu imezimwa. Nimeshika simu yenye namba za wateja wa Mwanza, wa Mbeya, wa mpaka Lubumbashi, nashuka na majina nashuka, sina namba hata moja ya mtu anayelala mita ishirini kutoka kitandani kwangu. Boda alipatikana baadae na mtoto akapona alhamdulillah, lakini ile dakika kumi sijaisahau.

Kwahiyo nikaamua nitawajua. Nilichofanya kwanza kilikuwa kutoa. Idd el Fitr ya mwaka huohuo nikapika pilau ya maana, nikapakua sahani sita nikazifunika vizuri, nikamwambia dada azungushe kila nyumba. Sasa kule nilikokulia sahani hairudi tupu, hata iwe na ndimu mbili itarudi na kitu. Hizi zilirudi jioni zimeoshwa, zinang'aa, tupu, na "mwambie mama asante sana". Moja ilirudi na soda. Baada ya hapo kimya kama zamani. Niliumia, sitaki kudanganya, nikasema basi watu wa huku ndivyo walivyo.

Halafu ikaja Oktoba ile ya mgao, wengi mtakuwa mnaikumbuka, Mto Ruvu ulipungua maji Dar nzima ikawa inahangaika na madumu. Bomba langu lilikata siku nne, simtank imekauka, boza nimempigia anasema foleni yake mpaka keshokutwa. Mama wa kisima yupo nyumba ya pili tu na nasikia pampu yake inanguruma. Dada akasema mama niende nikaombe? Nikataka kusema nenda. Sijui nini kilinijia, nikajitanda kanga nikachukua ndoo mbili nikaenda mwenyewe, jumapili, saa kumi na moja jioni.

Nikapiga hodi, nikasubiri. Akatoka mama mtu mzima, umri wa mama yangu.

"Shikamoo mama. Naomba maji, kwangu yamekata."

"Marahaba. We si ndo wa geti la kijani?"

"Ndio mama."

"Miaka mitatu! Karibu ndani, acha kusimama hapo getini kama mdai."

Nikaingia. Akafungulia bomba mwenyewe, ndoo inajaa yeye anaongea. Akaniambia alikuwa anaona maboza yanapanda kwangu akasema huyu mwenzetu ana uwezo wake, hana shida na mtu. Nikamuuliza kuhusu pilau, maana lilikuwa linanikaa rohoni. Akasema ilikuwa tamu sana, "lakini mwanangu ulimtuma mtoto wa kazi, wewe sura hatujaiona, mimi nitamrudishia nani? Nikaona labda ana sadaka yake anatoa kwa masikini."

Hiyo kauli niliibeba mpaka nyumbani na ndoo zangu.

Siku ya tatu ya kuchota maji ndo akaniita pembeni. Akaniambia na yeye ana shida yake ila alikuwa anaona haya. Friji yake imekufa tangu mwezi wa nane, fundi kamwambia motor imeungua, na yeye anachoma sindano za sukari, ile dawa inatakiwa ikae sehemu ya baridi, alikuwa anaihifadhi juu ya mtungi wa maji na kitambaa kilicholowa. Miezi miwili! Mi nina friji kubwa ya milango miwili humo ndani imejaa barafu za watoto na juisi. Nikamwambia mama lete leo. Kuanzia siku hiyo kila asubuhi kabla sijatoka nahakikisha boksi lake lipo mlangoni mwa friji, dada anajua, mjukuu wake anakuja anachukua anarudisha, na funguo ya geti dogo akapewa.

Nimeliwaza sana hili jambo. Mimi nilidhani ukitaka ujirani unaanza kutoa. Kumbe huku kwenye kuta ukitoa kabla hamjajuana unamwambia mwenzio una vingi, unamwacha na deni ambalo hakuliomba. Nilivyoenda na ndoo zangu tupu ndo yule mama akapata ruhusa ya kusema friji yake imekufa. Uswahilini tulikuwa tunaombana chumvi na makaa kila siku bila kujua kwamba ile kuomba ndo ilikuwa kazi yenyewe.

Basi nikaanza kuomba makusudi. Mzee wa Noah nikamuazima ngazi ya kubadilisha taa ya nje, nikairudisha siku hiyohiyo na embe kwenye mfuko, akanionyesha mpaka banda lake la kuku. Wale vijana wa geti la bati, mke na mume wamefunga ndoa juzijuzi, nikamuomba yule binti anisaidie kuweka picha za vitenge kwenye Instagram, sasa hivi ananifanyia kila wiki na namlipa. Naenda mwenyewe, simtumi dada. Naenda jumapili jioni kabla ya magharibi, na siku za katikati ya wiki nikiwahi kurudi napita na kugonga hata dakika mbili. Naomba kitu kidogo ambacho mtu anacho na hakimgharimu. Hela siombi kabisa, na kama unaanza leo usiguse hela hata kama mmezoeana, na usimuulize mtu kiwanja alinunua shilingi ngapi.

Ila kuna mmoja ambaye kuomba hakukutosha, na huyu nilimkosea.

Makabe ni vilima na makorongo, ardhi yenyewe inalika kirahisi. Zamani kabla ya kuta maji ya mvua yalikuwa yanatawanyika yanapita kwenye majani yanazama taratibu. Sasa kila mtu kajenga ukuta, kaweka pevingi uani, maji hayana pa kuzama, yanatafuta tundu yanatoka yamekusanyika na nguvu. Mimi wakati najenga ukuta fundi aliacha matundu upande wa chini, na upande wa chini yupo kaka mmoja na familia yake. Mvua za El Nino za mwisho wa 2023 zilivyoanza, maji yangu yote yakawa yanatokea kwake. Alipanga viroba vya mchanga, ikafika mahali akawa hanisalimii, na mimi nikawa najiambia maji ni ya Mungu, yeye si ndo kajenga bondeni. Nilijua moyoni sio kweli. Kwenye ile karatasi ya mauziano sahihi yake ipo, alikuwepo hapo kabla yangu.

Masika ya 2024 maji yakaingia mpaka sebuleni kwake. Nilisikia watoto wake wanalia usiku. Asubuhi sikwenda Kariakoo, duka nikamuachia msaidizi, nikaenda kwake nikamkuta anatoa matope na chepeo, suruali imekunjwa, godoro limeegeshwa ukutani. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani yote yakapotea. Nikasema, "Kaka pole. Haya ni maji ya kwangu. Nimekosa, na nilikuwa najua."

Hakujibu muda mrefu. Akaendelea kukwangua. Halafu akasema, "Dada, mimi nilikuwa nasubiri tu useme hivyo, nilikuwa na karatasi ya kwenda serikali ya mtaa nimeshaandika." Sikuomba kuiona.

Tulikaa kikao nyumbani kwa mama wa kisima, nyumba nane. Mzee wa Noah alikuwa fundi wa barabara kabla hajastaafu na hakuna aliyekuwa anajua, tumekaa naye miaka yote hiyo! Yeye ndo akasema matundu ya kwangu yazibwe, tuchimbe mfereji mmoja pembeni ya njia, na pale njia inapokata tuweke kalavati, maji yaende mpaka korongoni bila kuingia kwa mtu. Mimi nilitoa laki tatu kwa sababu kosa kubwa lilikuwa langu, wengine elfu sitini sitini, geti jeusi hakutoa na hakuja kikaoni. Sijamlazimisha na simsemi vibaya, salamu anaitika sasa. Mjumbe wa serikali ya mtaa alikuja akashuhudia tukaandika daftarini nani katoa nini, na hilo naomba mtu asilidharau, daftari lilituokoa maneno mengi baadae.

Tulichimba jumamosi tatu. Wanaume walichimba, sisi tulipika chai na mihogo, ila binti wa geti la bati alichimba kuliko wanaume wawili. Mume wangu jumamosi ya pili alikuwa yupo, akashika sururu pamoja na yule kaka wa chini, hawakuongea sana, nilikuwa nawaangalia kutoka kwenye masufuria na moyo unanidunda.

Sasa hivi namba nane zipo kwenye simu yangu na tuna grupu la WhatsApp, japo humo wanajaza maua ya asubuhi njema kuliko mambo ya maana. Mwezi uliopita mama wa kisima sukari ilishuka usiku wa saa nane, mjukuu hakumpigia mtu, alifungua geti dogo na ile funguo akaja kugonga dirisha la chumba changu moja kwa moja. Tulimnywesha maji ya sukari, mzee wa Noah akawasha gari, na yule kaka wa chini ndo alimbeba mpaka kwenye gari. Amerudi, mzima, ananisimanga kwamba nilimvalisha kanga iliyopauka kwenda hospitali.

Kalavati limeanza kujaa mchanga, vuli inakaribia. Tumekubaliana jumamosi hii saa moja asubuhi tukazibue, kila nyumba ije na koleo. Mi koleo sina, nitaazima kwa kaka wa chini.