Nilivyopata kozi ya kompyuta kwa wani ya nane

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka mwezi wa saba, nyumbani walishangilia kana kwamba chuo nimeshapata. Nilisoma PCM: Hesabu B, Fizikia C, Kemia C, yaani wani ya nane: divisheni ya kwanza, pointi nane. Baba mdogo akataka kujua kwa nini pointi chache ndiyo sifa. Nikamweleza kwamba kwenye divisheni A ni 1, kwa hiyo mwenye namba ndogo ndiye yuko juu. Kwenye udahili wa vyuo hesabu inageuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3.

"Sasa huko una ngapi?"

"Kumi, baba mdogo."

"Zinatosha?"

Kutosha zilitosha. TCU, tume ya vyuo vikuu Tanzania, inataka angalau ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, na kozi za kompyuta huongeza masharti yake, hasa Hesabu. Ila kiwango hicho kinakupa ruhusa ya kuomba tu. Baada ya hapo wenye sifa wanapangwa kwa alama, nafasi zikijaa basi. Na Sayansi ya Kompyuta ndiyo kozi ambayo karibu kila mtu wa PCM anaiandika, hata yule ambaye moyo wake uko kwenye ujenzi.

Kwenye magrupu ya WhatsApp kulikuwa na "katofu" za kila chuo, yaani alama za chini zilizowahi kuchukuliwa, kila mtu na zake. Sikuzifuata. Nilipakua kitabu cha mwongozo cha TCU, kile kirefu chenye majedwali, nikakisoma kwenye simu huku nakivuta kushoto na kulia. Wengi huishia kwenye safu ya sifa. Mimi nilikaa kwenye safu ya nafasi, inayoonyesha kila kozi itachukua watu wangapi. Hapo ndipo nilipoona kwamba Sayansi ya Kompyuta ina ndugu zake: uhandisi wa kompyuta, uhandisi wa programu, mifumo ya habari, usalama wa mtandao. UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, pale CIVE, kitengo chao cha kompyuta, wanazo nyingi kiasi kwamba ukikosa moja bado una pa kushika. Tena mwaka wa kwanza masomo yanafanana sana.

Tangu 2017 unaomba kila chuo moja kwa moja, na kila chuo kina ada yake ya maombi, kwa hiyo huwezi kutawanya fomu hovyo. Nilichagua vyuo vitatu. Kila kimoja niliweka Sayansi ya Kompyuta juu, ndugu zake chini yake, na mwisho kabisa kozi ambayo ningeweza kuishi nayo.

Awamu ya kwanza nilichaguliwa viwili. UDOM walinipa uhandisi wa programu. Chuo kingine, cha Dar, kilinipa ile kozi ya mwisho, takwimu. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja lazima uthibitishe kimoja, na namba ya siri ya kuthibitishia huja kwa ujumbe mfupi. Mama alitaka Dar, kwa shangazi, chakula na kitanda vipo. Hoja nzito hiyo, maana mkopo wa Bodi ya Mikopo ulikuwa haujajulikana. Nilimwambia, "Mama, shangazi nitamtembelea likizo, ila kozi nikishaanza kuihama ni shughuli." Akanyamaza kidogo, akauliza Dodoma kuna baridi kiasi gani. Nikaingiza namba.

Kitu kimoja sikukitegemea. Nilidhani washindani wangu ni wa kidato cha sita peke yao, kumbe wapo wa diploma, wanaoingia kwa GPA ya kuanzia 3.0. Darasani walikaa nyuma, na kwenye mazoezi ya C, lugha ya kuandikia programu, walikuwa wanamaliza na kutoka huku sisi wa PCM tukitafuta nukta-mkato iliyosahaulika mstari gani.