Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Magari Yanayovuja, Malindi

Nikisema kwamba kazi yangu ni kutengeneza magari yanayovuja, watu huinama kutazama chini ya injini wakitafuta doa la mafuta. Mimi nashughulika na maji yanayoingia ndani: kapeti lililorowa, harufu ya ukungu, vioo vinavyojaa mvuke alfajiri, na sakafu ya bati inayooza polepole chini ya miguu ya abiria. Msimu wangu ni masika, hasa mwezi wa Mei, wakati upepo wa kusi unapoirusha mvua kwa ubavu na magari ya zamani yanapofichua siri zake zote. Hii ni siku moja ya msimu huo.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilifungua gereji na kujaza pipa, kwa kuwa maji ya mfereji hayaaminiki na kazi hii haifanyiki bila maji. Kijana ninayemfundisha kazi alifika na mahamri na mbaazi, tukala tukiwa tumesimama.

Saa mbili aliingia dereva wa teksi na Probox yenye maji kwenye sakafu ya nyuma. Nilipobandua jopo la mlango, jibu lilikuwa pale pale: aliyefunga spika alikuwa ameikata karatasi ya plastiki iliyo nyuma ya jopo. Wengi hawajui kwamba mlango wa gari umeundwa kupitisha maji. Mvua hupenya kando ya kioo, huteremka ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vya chini, na plastiki ile ndiyo inayoyazuia yasihamie upande wa abiria. Nilizibua vitundu vilivyojaa mchanga, nikabandika plastiki mpya, naye akaenda zake.

Saa tatu aliwasili mzee mmoja kutoka Mambrui na Mercedes W123 ya mwaka 1982, gari zuri ambalo rangi yake bado ilikuwa iking'aa licha ya chumvi ya bahari. Upande wa mbele wa abiria, maji yalitosha kuogelea bata. Kabla sijamaliza kumwamkia, alikwisha kunipa jibu.

"Ni kioo cha mbele, fundi. Paka silikoni, niwahi adhuhuri nyumbani."

Kioo hicho kilikuwa kimepakwa silikoni tabaka juu ya tabaka, na fundi zaidi ya mmoja. Naichukia mno dawa hiyo! Ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula bati. Tena haiyazuii maji kuingia chini ya raba, ila huyazuia yasitoke, hata bati likaoza mahali pasipoonekana. Nilimwambia, "Mzee wangu, nipe nafasi nitafute kwanza." Akavuta kiti na kukaa mahali ambapo angeweza kuiona mikono yangu.

Nilianza kwa kufuta maji kwa kitambaa cheupe. Kama yangekuwa na rangi, utelezi na harufu ya utamutamu, ningejua kwamba ni maji ya radieta yanayovuja kwenye hita iliyo nyuma ya dashibodi. Yalikuwa maji matupu. Kiyoyozi, ambacho hapa pwani hutiririsha maji mengi ndani bomba lake linapoziba, kilikuwa kimekufa zamani, kwa hiyo hakikuwa na hatia. Tulitoa kiti, tukainua kapeti pamoja na sufi nzito iliyokuwa chini yake, tukakausha bati, kisha nikanyunyiza poda ya watoto kuanzia sakafuni hadi kwenye nguzo ya mlango, kwa sababu tone la maji huacha njia juu ya poda kabla jicho halijaliona lenyewe.

Kijana aliingia ndani na tochi, nikafunga milango na kuanza kumwaga maji kwa mpira kutoka chini: kizingiti cha mlango, kisha mlango, kisha tundu za hewa zilizo chini ya kioo. Mzee alisimama. "Mbona waanzia chini, na mvua hutoka juu?" Nilimweleza kwamba maji yakimwagwa juu kwanza huroanisha kila kitu kwa pamoja, na baada ya hapo hakuna awezaye kusema yamepenya wapi. Alitikisa kichwa. Nilipofika kwenye kioo, nilikimwagia maji kwa robo saa, na ndani hapakuwa na tone. Akasema mpira wangu ni dhaifu, mvua ya kusi hupiga. Nikaufinya mdomo wa mpira hadi maji yakapiga. Poda ikabaki kavu. Akasema basi leo gari limeamua kumdhalilisha.

Adhuhuri ikaadhiniwa, tukaenda kuswali, tukarudi. Mzee alikuwa sasa hasemi nami, anasema na simu, na kila aliyempigia alielezwa kwamba fundi wa Malindi anaosha gari.

Baada ya hapo niliupandisha mpira juu ya paa. Gari hili lina dirisha la paa, na dirisha la paa halikuundwa kuzuia maji yote. Kuna mfereji unaolizunguka, na kwenye pembe zake mabomba membamba yanayopita ndani ya nguzo na kuyatoa maji nje. Haukupita muda mrefu kijana akapiga kelele: mstari mweusi ulikuwa unateremka juu ya poda kutoka kwenye nguzo ya kushoto, ukizunguka nyuma ya dashibodi, kisha ukidondoka mahali pale pale ambapo mtu yeyote angeulaumu mpaka wa kioo.

Nilimimina kikombe cha maji kwenye pembe ya kulia ya mfereji, yakashuka. Nikamimina kingine kushoto, yakasimama. Hapo hutumii kompresa, kwa maana upepo wake unaweza kulichomoa bomba ndani ya nguzo ukajiongezea msiba. Nilisukuma mshipi mnene wa kuvulia samaki, taratibu, mpaka tope jeusi likatoka likiwa na majani ya mvinje. Maji yakaanza kushuka, lakini mengine yakaendelea kuingia ndani: bomba lenyewe lilikuwa limekakamaa na kupasuka karibu na mfereji.

Kuanzia hapo sikutazama saa tena. Ilibidi kushusha pembe ya kitambaa cha dari bila kukichana, nikiwa nimelala chali huku jasho likiniingia machoni na mabega yakiwaka moto. Bomba jipya nililifunga kwenye ncha ya lile la zamani kwa mshipi, ili la zamani likitolewa livute jipya ndani ya nguzo. Bila hivyo, kulipitisha ni mateso. Asiri ilikwisha kupita tulipomwagia paa maji tena, na poda ikakaa nyeupe.

Nikataja shilingi 6,000. Mzee akaushika ule uchafu wa mvinje kiganjani. "Pesa zote hizi kwa majani haya na kipande cha mpira?" Nilimwambia kwamba majani na mpira nimempa bure, alipie siku nzima ya kutafuta. Alilipa 4,000 na kuahidi zilizobaki mvua ya kwanza ikipita salama. Nilikubali, kwa kuwa kapeti na sufi yake vilihitaji siku kadhaa za jua, na vyote viwili vilikuwa vimeanikwa kwenye ua wangu, jambo ambalo yeye pia aliliona.

Nilimshauri aache kuegesha chini ya mvinje. Akasema mti huo ulipandwa na marehemu baba yake na ndio wenye kivuli. Kisha, akiwa ameshawasha gari, akauliza kama bei ile ingejumuisha kuondoa silikoni kwenye kioo. Nikamwambia hiyo ni kazi nyingine, yenye bei yake.