Jumamosi Mtaa wa 57

Ijumaa nilisimama chini ya Batcolumn, gongo la besiboli la chuma lenye urefu wa kama mita 30, katikati ya Chicago. Liko pale tangu 1977, kazi ya mchongaji Claes Oldenburg. Mwenyeji wangu aliponiona nimekodoa macho, akaniambia, “Kesho nitakupeleka kwenye maonyesho ya mtaani ambako Oldenburg alianzia kuuza kazi zake.”

Jumamosi ile ya mwanzo wa Juni tukapanda treni ya Metra Electric kuelekea kusini, Ziwa Michigan likiwa kushoto kwetu, tukashuka mtaa wa Hyde Park. Upande wa ziwani linaonekana jumba la makumbusho lililojengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya 1893. Karibu na reli palikuwa na safu ya vibanda vya maduka vya enzi hizohizo. Maonyesho yalipokwisha, vibanda vilibaki, kodi yake ikawa nafuu, wachoraji na waandishi wakahamia humo. Vilikuja kubomolewa miaka ya 1960.

Tukapita chini ya daraja la reli tukielekea magharibi. Tulipovuka barabara ya Dorchester, mwenyeji wangu akanionyesha upande alikoishi mchoraji Gertrude Abercrombie, ambaye sebule yake iliwahi kuwakaribisha wanamuziki wa jazi akina Dizzy Gillespie na Charlie Parker. Naye pia aliwahi kutoka na picha zake kuja kuziuza hapa barabarani.

Mbele kidogo, kuzunguka shule ya msingi ya Ray, magari yamezuiwa na mahema yamejaa. Haya ni maonyesho ya sanaa ya Mtaa wa 57, yaliyoanzishwa mwaka 1948 na Mary Louise Womer, aliyekuwa na duka la sanaa mtaani. Hakuna kiingilio. Msanii anakaa na kazi yake, unamuuliza ameitengenezaje, anakujibu mwenyewe. Oldenburg, kabla hajajulikana, aliuza hapa vitu vitano kwa jumla ya dola 25. Nilirudia hesabu ile kichwani: dola tano kimoja. Mtu aliyenunua siku ile hakuwa na jina kubwa la kumwongoza, alikuwa na macho yake tu. Mimi nimekulia Dar, nikisimuliwa jinsi Edward Tingatinga alivyouza picha zake nje ya Morogoro Stores, na hadithi hizi mbili zilinigusa mahali pamoja.

Lakini kilichonishika zaidi ni wanaoiendesha shughuli. Ni majirani wanaojitolea. Jopo linachagua kazi mapema, wengine wanagawa nafasi, wengine wanaelekeza magari ya wasanii alfajiri. Nilimwona mama mmoja mwenye mvi ameketi kwenye hema la mfinyanzi, nikamuuliza bei ya bakuli. Akasema bakuli si lake. Mfinyanzi amekwenda kula, naye anamlindia. Ndiyo zamu yake, saa kadhaa za kuwakalia wasanii wasio na msaidizi ili wapate kula na kwenda msalani. Halipwi. Nikawaza ni mahema mangapi yamelindwa hivyo tangu 1948.

Mfinyanzi aliporudi nilinunua bakuli la bluu. Akalifunga kwa gazeti, mama akainuka, akahamia hema la pili.