Baraza ya mbao Tanga: mvule, msaji au mbao za plastiki?

Ukitaka baraza ya mbao nje ya nyumba, iwe Raskazone au Sahare, usianze kwa kuuliza bei ya mbao za juu. Anza na kinachozibeba. Mbao za plastiki, ambazo madukani huitwa WPC, ni unga wa mbao uliochanganywa na plastiki, na hazifai kuwa nguzo wala boriti. Chini yake bado utahitaji fremu ya mti au chuma. Mchwa hali plastiki, lakini hupandisha njia yake ya udongo juu ya nguzo mpaka afikie mti. Kwa hiyo nguzo isichimbiwe ardhini. Ikae juu ya zege lililoinuka angalau sentimita 15, ili ile njia ya udongo ionekane mapema na ikwanguliwe. Pande za baraza usizizibe kwa matofali. Upepo usipopita chini, unyevu wa masika unabaki humo na boriti zinaoza.

Kinachoharibu kazi nyingi ni kutojua kila ubao unavyotanuka. Mti hunywa maji ukanenepa kwa upana, lakini urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. WPC hurefuka kwa jua. Ubao wa mita 4 uliokatwa asubuhi penye kivuli unaweza kuongezeka milimita kadhaa jua la Januari likiupiga. Fundi aliyezoea mti huzigusanisha ncha mbili zikapendeza. Kufika mchana zinasukumana, zinainuka, na klipu zinachomoka. Ncha za WPC ziachiwe nafasi kama mtengenezaji anavyoagiza, kwa kawaida milimita 5 au zaidi, na ukutani zaidi ya hapo. Kwa mti mkavu, acha milimita 5 kati ya ubao na ubao. Mti mbichi usiufunge kabisa. Upange kivulini, vijiti kati ya tabaka, angalau miezi mitatu kwa ubao wa inchi moja.

Jua hilo hilo linaamua jambo jingine. WPC ya rangi nyeusi au kahawia iliyokoza huunguza nyayo mchana, na sisi barazani tunavua viatu, watoto wanacheza peku. Penye jua la wazi, mimi nachagua mti bila kusita. WPC naipa nafasi kwenye nyumba ya kupangisha, ambako hakuna atakayepaka mafuta, au mahali penye kivuli. Hata hapo, tazama ncha iliyokatwa kabla ya kulipa: unataka ubao uliojaa, si wenye matundu, na wenye ganda la plastiki kuzunguka pande zote. Usio na ganda hunywa maji kupitia ule unga wa mbao, na chini ya mwembe huota ukungu mweusi.

Kwa upande wa mti, mvule na mkongo ni imara dhidi ya mchwa, na msaji tunao karibu, shamba la Longuza kule Muheza. Ila msaji wa shamba ukivunwa mchanga huwa na sehemu nyeupe nyingi pembeni, na hiyo nyeupe mchwa na wadudu huila. Lipia kiini tu. Dai risiti na kibali cha kusafirisha mazao ya misitu, maana mvule wa magendo ni hasara kwa msitu na kwako pia ukikamatwa nao. Paini ya dawa inafaa kwa fremu, lakini kila unapoikata unafungua mti usio na dawa. Paka dawa hapo kabla ya kufunga.

Chukua baraza ya mita 4 kwa 3. Mbao za upana wa sentimita 14, zikilala kufuata urefu wa mita 4, ni 21. Boriti za mita 3 zikiachana sentimita 40 ni 11. WPC ukiilaza mshazari, boriti ziachane sentimita 30, la sivyo italegea kwa joto na kubonyea. Skrubu mbili kila makutano ni 462. Nunua 500, na mbao ongeza asilimia 10 kwa ajili ya vipande.

Kwenye skrubu usibane pesa. Karibu na bahari ziwe za chuma cha pua daraja la 316. Za kawaida hushika kutu upesi kwa chumvi ya kusi, na juu ya mvule au msaji kila kichwa cha skrubu huacha doa jeusi linalotiririka kama wino, lisilotoka kwa msasa mwepesi. Kwa ubao wa milimita 25 tumia skrubu ya milimita 60, na utoboe kwanza kwa drili, maana mti mgumu hupasuka ncha.

Vanishi achana nayo, jua huibandua. Paka mafuta ya mbao mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, ubao ukiwa mkavu. Usipopaka, mti utageuka kijivu; hiyo ni rangi tu, si kuoza.