Vile nilipata mtu wa kuigiza Wangila na pesa ilikuwa ya nauli tu

Watu wameniuliza sana vile tulitengeneza ile filamu fupi ya Robert Wangila hapa Eastlands, na wengi swali lao ni moja tu, yule kijana mlimtoa wapi. Acha nieleze basi, juu nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Kwa wale wadogo, Wangila ndiye bondia pekee wa Kenya amewahi kuleta dhahabu ya Olimpiki. Seoul 1988, uzani wa welter, fainali na Mfaransa anaitwa Laurent Boudouani, na ikaisha kwa nokauti raundi ya pili. Alikuwa na miaka 21, mtoto wa Nairobi. Mimi nilitaka hio fainali na siku chache za kabla yake, dakika 15 hivi, si maisha yake yote. Mambo ya Las Vegas 1994, alipofariki baada ya pambano akiwa na miaka 26, niliamua mapema siyagusi. Hio ni filamu nyingine na inataka mtu mwenye roho ngumu kuliko mimi.

Sasa, mtu wa kwanza kuja alikuwa ekta wa kweli, wale wa kuzunguka mashule wakiigiza vitabu vya fasihi. Jamaa ana sauti, analia ukimwambia lia, na sura alikuwa anaikaribia. Nikampeleka kwa kocha mmoja wa hapa mtaani, mzee ambaye ameona mabondia wa Hit Squad, timu ya taifa ya ngumi, kwa macho yake, nikamwambia mzee niangalizie huyu. Kocha akamvalisha glavu, akamwambia rusha jabu, ile ngumi fupi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele. Akarusha. Kocha hakusema kitu, akaniangalia tu, alafu akaniambia pole pole, "Kijana yangu, huyu mkono wa kulia unaenda sokoni kila akirusha wa kushoto." Na ni kweli, kila jabu mkono mwingine unashuka hadi kiunoni, na hio si kitu unafundisha mtu kwa wiki mbili. Bondia wa Olimpiki hawezi shusha mkono hivyo, na mtaa huu umejaa wazee wataona hio kitu kabla hawajaketi.

Hapo ndio nikakumbuka vile dairekta Michael Mann alifanya kwa Ali, ile filamu ya 2001 ya Muhammad Ali. Will Smith, aliyemuigiza Ali, alifanya mazoezi karibu mwaka mzima, sawa, lakini angalia wale aliwekwa nao ulingoni. Sonny Liston ni Michael Bentt, mtu aliyekuwa bingwa wa dunia wa WBO, moja ya mashirika ya ngumi za kulipwa, uzani wa juu baada ya kumwangusha Tommy Morrison 1993. Joe Frazier ni James Toney, bingwa wa dunia kabisa. George Foreman ni Charles Shufford, bondia pia wa kulipwa. Yaani ekta ni mmoja, waliobaki ni watu wa kazi, na ndio unaona hata ukiwa hujui ngumi unahisi uzito wa zile ngumi. Pambano la Ali na Foreman la Kinshasa walienda kulirekodi Maputo na hakuna mtu alilia. Mahali unaweza kudanganya. Mabega ya bondia huwezi.

Mimi pesa ya kumlipa ekta mwaka mzima sina, hata ya mwezi sina, kwa hivyo nikageuza: nitafute bondia alafu nipunguze maneno. Skripti ya kwanza ilikuwa na Wangila akiongea kila ukurasa, anahutubia kama mgombea kiti, nikakata karibu yote. Maneno nikayapeleka kwa watu wa pembeni, majirani wanangojea habari kwenye redio, kocha kwenye kona, mama wa chapati anayebishana na wateja wake kama kijana atashinda ama hatashinda. Na unajua kitu, ikawa tamu zaidi, na pia ikanitoa kwa shida ya kumwekea marehemu maneno mdomoni ambayo hakuna mtu ana hakika aliyasema.

Bondia nilimpata kwa kinyozi. Si mfano, ni kinyozi kweli, ananyoa Kariobangi mchana na jioni anafanya mazoezi kwa social hall. Kilo 67 safi. Sura hafanani na Wangila hata kidogo, na hapo ndio watu wa timu yangu walianza kelele, oh watu watakataa, oh huyu ni mrefu wa uso. Nikawauliza, nyinyi mmeangalia picha za Seoul? Wakati huo mabondia wa Olimpiki walikuwa wanavaa kinga ya kichwa, ilianza Olimpiki ya 1984 na wanaume wakaendelea nayo hadi 2012. Kwa hivyo ukiwa sahihi kihistoria, nusu ya uso imefunikwa! Hio ilinifurahisha sana, mara nyingi ukweli wa historia unakuletea gharama, hapa ulikuwa unaniokolea pesa. Dairekta mwingine angeitoa hio kinga ndio uso wa ekta uonekane vizuri. Sisi tuliifunga kamba.

Lakini sasa bondia ana shida yake. Anapiga. Siku ya kwanza ya mazoezi na mwenzake nikamwambia igiza tu, akasema sawa, kengele ikalia akampa mtu ngumi ya ubavu hadi jamaa akakaa chini. Si ubaya, mwili wake umefundishwa kitu kimoja tangu utotoni. Dawa ilitoka kwa kocha: aliwafanya wafanye sparing ya kugusa, pole pole kama watu wako chini ya maji, ngumi ileile mpangilio uleule mara nyingi hadi ikawa wimbo, alafu ndio wakaongeza kasi kidogo kidogo. Kamera tukaweka nyuma ya bega la anayepigwa ndio nafasi kati ya glavu na uso isionekane. Sauti tuliongeza baadaye, tukipiga gunia la nguo za Gikomba.

Mtu alinisumbua kumpata zaidi ni Boudouani. Tulipata kijana wa South C, watu wake ni wa Lamu, mweupe kidogo, anafanya ngumi ya kujifurahisha tu lakini mikono anaiweka juu. Swali lake la kwanza, "Bro, kwani mimi ndio mbaya?" Na skripti ilikuwa inaelekea huko, mmoja wa timu alikuwa ameandika Mfaransa anacheka kwa dharau wakati wa kupima uzito. Nikaitoa. Hakuna mahali nimeona kitu kama hicho kilitokea, na hii ni tabia ya filamu za ngumi inaniudhi sana, ili shujaa wako apendwe lazima mwenzake awe shetani.

Filamu ya Cinderella Man ya 2005 ilimfanya bondia Max Baer mtu wa kujivunia kuua watu ulingoni. Ukweli ni kwamba Frankie Campbell alifariki 1930 baada ya kupigana naye, na Baer alisumbuka na hio kitu miaka mingi. Ernie Schaaf alifariki 1933 baada ya kupigana na Primo Carnera, si Baer, ingawa Baer alikuwa amempiga vibaya mwaka uliotangulia. Mtoto wa Baer alilalamika hadharani kuhusu vile baba yake alichorwa. Na filamu ya The Hurricane ya 1999 ilionyesha bondia Joey Giardello akipewa ushindi wa bure na majaji dhidi ya bondia mwenzake Rubin Carter, 1964 Philadelphia, wakati wengi waliolishuhudia lile pambano walisema Giardello alishinda. Giardello alikuwa bado hai, akaenda kortini, wakamalizana nje ya korti. Kukosea rangi ya bukta ni kitu kidogo, mtu atacheka alafu aendelee kutazama. Hii ya kumchafulia mtu jina ndio siwezi.

Kwa hivyo nikamkalisha kijana wa South C nikamwambia huyu unayemuigiza alikuja kuwa bingwa wa dunia wa WBA, shirika lingine la ngumi za kulipwa, miaka ya tisini, uzani wa super welter, na akatetea taji mara kadhaa. Alibadilika hapo hapo. Akaacha kukunja uso, akaanza kuingia ulingoni kama mtu anayejua ana haki ya kuwa pale. Na ile nokauti ikawa na maana, juu mtu anayeanguka si takataka.

Mambo mengine nitapitia haraka. Barabarani hatukurekodi kabisa, juu huwezi geuza kamera Nairobi bila kuona kibanda cha kijani cha M-Pesa na hio imeanza 2007. Tulikaa ndani. Picha ya Moi ya ukutani tulipata kwa duka la mzee fulani ambaye hajawahi kuitoa. Leseni ya kurekodi itafute mapema, usingoje wiki ya mwisho.

Siku ya kuonyesha, wazee walijaa mbele. Nilikuwa nimeweka video ya fainali yenyewe kwa laptopu, tukamaliza yetu nikawaonyesha ile halisi hapo hapo, watukosoe wenyewe. Kulikuwa na ubishi karibu saa nzima. Mmoja alisema kijana wetu anarudi nyuma sana, mwingine akasema kamera ndio imekaa vibaya, kocha akawaambia wote wanyamaze waangalie miguu. Kuhusu sura, hakuna mzee hata mmoja aliuliza.

Sasa nataka kufanya filamu ya Philip Waruinge, bondia mwingine wa Kenya. Mexico 1968 alipata shaba tu lakini akapewa kombe la Val Barker, la bondia aliyeonyesha ufundi kuliko wote kwenye hio Olimpiki, alafu Munich 1972 akachukua fedha. Shida ni kwamba hio ni kabla ya kinga ya kichwa, uso wote uko nje, na watu wanaojua sura yake bado wako. Nimemuuliza kinyozi kama anaweza shuka hadi uzani wa unyoya, kilo 57. Amenijibu labda nimkate mguu mmoja.