Nilivyoyaacha makaa bila kuacha maharagwe

Nilianza kuuza maharagwe ya kuchemsha Kayole, Nairobi, mwaka 2017, na hadi 2023 sikuwa nimeelewa ninachouza. Maharagwe makavu mteja wangu anayapata duka lolote, tena kwa bei nafuu. Anakuja kwangu jioni na kibakuli chake kwa sababu kuyaivisha nyumbani kutamla makaa ya kuwaka saa tatu nzima. Basi mimi nauza moto. Na moto huo nilikuwa naununua kwa mkebe, bei ya siku hiyo, bila kuandika popote.

Mwaka 2018 ulinipa onyo. Serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, kaunti ya Kitui nayo ikapiga marufuku kusafirisha makaa nje ya kaunti. Bei ilipaa wiki hiyohiyo. Hata baadaye, kila mvua za masika zilipokuja na malori kukwama, makaa yalipanda na kikombe changu cha maharagwe kikabaki bei ileile, maana mteja hajui habari za malori.

Mwanzoni mwa 2023 nilinunua daftari la kurasa 48 nikaandika kila shilingi ya makaa kwa mwezi mzima. Kwa kilo nane za maharagwe kwa siku, makaa yalikuwa yakinila shilingi 400. Niliumia nilipojumlisha. Kwa mwezi, hiyo ilikuwa zaidi ya kodi ya nyumba.

Dada yangu alikuwa na sufuria ya presha ya stima, ya lita sita. Nikaiazima Jumapili moja. Nililoweka kilo moja ya maharagwe aina ya rosecoco usiku kucha, nikamwaga yale maji, nikasoma mita kabla na baada. Ilikula kama nusu yuniti tu! Sababu ni kwamba ikishajaa presha moto hukatika wenyewe, unarudi kidogokidogo, na joto halipotei ovyo kupitia kuta za sufuria. Kwa bei ya tokeni (stima ya kulipia kabla) ya wakati ule, kodi zote ndani, hiyo ni kama shilingi 14. Makaa ya kilo ileile yalikuwa 50.

Nikanunua mbili kwa kulipa polepole, shilingi 9,500 kila moja. Fundi alikataa katakata kuziwasha pamoja kabla ya kubadilisha waya wa soketi, kwa kuwa kila moja inavuta wati 1,000 na waya uliokuwepo ulikuwa mwembamba. Hapo zikaenda 6,000 nyingine. Namshukuru mpaka leo; nimeona nyumba zikiungua kwa waya kama ule.

Sasa naamka saa kumi alfajiri. Kila sufuria raundi nne, kilo moja kila raundi. Usijaze kupita nusu: maharagwe huvimba, na povu likiziba tundu la mvuke ni hatari. Chumvi na nyanya huja mwisho.

Wateja waliogopa. Mzee anayeshona viatu mbele yangu aliniuliza, "Mama, haya ya stima yameiva ndani kweli?" Nikampa kijiko. Akabonyeza harage moja kwa vidole, akanyamaza, akanunua vikombe viwili.

Hesabu yangu ilikuwa pesa zirudi kwa miezi minne. Zilirudi baada ya miezi sita, na kuna mambo mawili sikuyatarajia. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilikatika nchi nzima, na alfajiri nikakuta maharagwe yamelowa na mita imezima. Nikawasha jiko. Tangu siku hiyo naweka nusu gunia la makaa pahali pakavu, na gharama yake naiandika kama bima.

Jambo la pili lilinifundisha zaidi. Stima yetu sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana na upepo wa kando ya Ziwa Turkana, nami najivunia kupikia mvuke huo badala ya miti ya watu wa Kitui. Lakini mitambo hiyo mingi ilijengwa kwa mikopo ya kigeni. Dola ilipofika karibu shilingi 160 mwanzoni mwa 2024, pesa zilezile zilinipa yuniti chache, maana kwenye bili kuna chaji inayofuata dola. Upepo na mvuke havina bei, ila deni lina bei. Hata hivyo, mwezi mbaya kabisa wa tokeni bado ulikuwa chini ya nusu ya makaa.

Nilifikiria sola pia. Paneli na betri za kuvumilia wati 2,000 alfajiri, kabla jua halijachomoza, zilikuwa ghali mno kwa biashara yangu.

Kuanzia saa nne asubuhi sufuria zangu hukaa bure. Jirani anayeuza githeri, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ameomba azitumie mchana, anilipe kwa yuniti zitakazosomeka kwenye mita. Kesho analeta kilo moja ya mahindi yaliyolowekwa, tuone yatakula ngapi.